MTOTO HAPATIKANI: BWANA NAYE APIMWE

Katika kambi zetu, bibi akikaa mwaka mmoja au miwili bila mimba, maneno yanaanza. Jamaa ya bwana inasema: « Huyu ni tasa, warudishe mali. » Bibi anapelekwa lopitali, anapelekwa kwa wafumu, anakunywa mizizi ya kila namna. Bwana hajapimwa hata siku moja. Lakini katika nyumba mbili zinazokosa mtoto, karibu moja ina chanzo kwa mwanaume, ama kwake peke yake, ama kwa wote wawili.

Wanaume wengi wanajibu: « Mimi niko na nguvu! » Wandugu, nguvu ya kitandani ni kitu kimoja, mbegu ni kitu kingine. Mbegu zinaonekana kwa mikroskopi tu.

Leo tunaeleza sababu moja ambayo munganga anaweza kuitibu. Jina lake ni varikosele. Ni mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani. Mfanyakazi anayejua pompi za mgodini ataelewa upesi. Ndani ya mishipa inayorudisha damu juu mna vilango vidogo, kama klape ya pompi. Damu inapita kupanda, lakini hairudi chini. Vilango vikilegea, damu inashuka tena na kukaa pale, na mishipa inapanuka. Mara nyingi ni upande wa kushoto, kwa sababu mshipa wa upande ule ni mrefu zaidi na unaingia katika mshipa wa figo.

Ubaya wake ni joto. Mwili una digri 37, lakini korodani zinataka digri 2 mpaka 4 chini ya hapo. Ndiyo maana zinaning’inia nje. Damu ya moto ikikaa pale, mbegu zinapungua, zinakuwa dhaifu, au zinatoka na umbo baya. (Joto la tanuru nalo si rafiki ya mbegu. Anayefanya kazi fonderi amwambie munganga.)

Katika wanaume 100, karibu 15 wako na varikosele, na wengi wao wanazaa bila shida. Kwa hiyo usikimbilie kisu kwa sababu umeshika mshipa. Wengine hawasikii kitu. Wengine wanasikia uzito jioni baada ya kusimama siku nzima. Munganga atakupima ukiwa umesimama, na atakuambia ukaze pumzi. Kisha mbegu zitapimwa laboratwari, baada ya kukaa siku 2 mpaka 7 bila kulala na bibi. Kipimo kimoja hakitoshi, kinarudiwa. Bibi naye apimwe wakati uleule.

Kama mishipa inashikika kwa mkono, mbegu ni mbaya, na bibi yuko sawa au shida yake inatibika, ndipo kupasua kunafaa. Munganga anakata njia ndogo karibu na kinena na kufunga mishipa iliyolegea. Damu inapita katika mishipa mingine. Korodani haiondolewi, na uanaume haupotei. Kazi ya kubeba vitu vizito inangoja mpaka munganga aruhusu. Mara chache mishipa inarudi, au maji yanajikusanya kuzunguka korodani.

Sisi hatuahidi mtoto. Kwa wanaume wengi waliopasuliwa mbegu zinakuwa nzuri zaidi, lakini si kwa wote, na si kila mmoja wao anapata mtoto. Tena inataka uvumilivu: mbegu inachukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa, basi kipimo kinarudiwa baada ya miezi 3, na mimba inaweza kuchelewa mpaka mwaka. Mwenye kumfukuza bibi katika mwezi wa pili hakuelewa kitu.

Mambo mawili hayangoji. Maumivu makali ya ghafula katika korodani si varikosele: kuja lopitali saa ileile, hata usiku, kwa maana baada ya saa 6 korodani inaweza kufa. Na uvimbe uliotokea upande wa kuume peke yake, au uliotokea ghafula kwa mtu mzima, unataka tumbo na figo vipimwe.

Dispansere inapokea bwana na bibi pamoja. Kujeni wote wawili.