Darasa la sanaa likizoni: Kabla hujalipia, uliza nani anashika mkasi

Shule zikifungwa Desemba, matangazo ya madarasa ya sanaa kwa watoto huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Siku tatu za kutengeneza nyota na minyororo ya karatasi ya Krismasi, wiki nzima ya kupaka rangi, kadi za Mwaka Mpya. Mzazi analipia, mtoto anarudi na kitu kizuri, kinabandikwa sebuleni.

Wakati mwingine ni kizuri mno. Nyota ikiwa imenyooka pembe zote tano na mwenyewe ana miaka minne, ujue mkasi ulikuwa mkononi mwa mwalimu. Mtoto alibandika tu.

Hilo si jambo dogo, kwa sababu faida kubwa ya kazi za karatasi iko kwenye vidole. Misuli midogo inayochana gazeti, kukunja manila na kufungua mkasi ndiyo itakayoshika penseli darasa la kwanza. Kutelezesha kidole kwenye simu hakuipi kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na likizoni saa hiyo huisha kabla ya chai ya saa nne.

Kwa kawaida, mtoto wa miaka miwili huchana karatasi kwa mikono. Wa mitatu huanza kukata vipande vidogo visivyo na mpangilio, wa minne hufuata mstari ulionyooka, na duara husubiri miaka mitano au sita. Watoto hutofautiana, lakini anayeanza shule huku akishindwa hata kushika mkasi au penseli, ni vyema akaonwe na mtaalamu wa afya.

Mwenye kushoto

Takriban mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto. Mikasi mingi madukani imetengenezwa kwa mkono wa kulia. Ukiishika kwa kushoto, hukunja karatasi badala ya kuikata, tena makali yanaziba mstari mtoto asiuone. Mtoto anaonekana mzembe, kumbe tatizo ni kifaa. Bado kuna wakubwa wanaomlazimisha abadili mkono. Asilazimishwe. Atafutiwe mkasi wa kushoto, na ukikosekana, achane kwa mikono na kukunja.

Rangi na gundi

Madarasa mengine hufundisha michoro ya Tingatinga, na watoto huipenda kwa wanyama wake. Edward Said Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta za kung'arisha baiskeli. Zilimfaa mtu mzima, si mtoto anayetia vidole mdomoni. Baadhi ya rangi za mafuta huwa na madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo unaokua, na WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wapewe rangi za maji zilizotengenezwa kwa ajili yao. Shanga na vifungo vya mapambo viwekwe mbali na walio chini ya miaka mitatu, maana vinaweza kuwapalia.

Gundi nzuri hupikwa nyumbani: vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye nusu kikombe cha maji baridi, koroga madonge yaishe, weka motoni mpaka iwe nzito kama uji, kisha ipoe. Supa gluu, ile ya kubandika viatu, haina nafasi kwenye meza ya watoto. Ikiganda vidoleni, usivute. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni mpaka iachie. Ikiingia jichoni, usilifungue kwa nguvu. Lisafishe kwa maji safi ya uvuguvugu na mpeleke mtoto hospitali mara moja.