Base64 Haifichi Kitu

Sura hii nilikusudia iende kwa mpangilio: kwanza namba za nasibu, kisha hashi, halafu usimbaji fiche, yote kwa PHP, maana ndiyo ninayoikuta mara nyingi kwenye mifumo ya maduka, shule na sacco huku Thika na Ruiru. Lakini kuna dhana moja ambayo nisipoing'oa sasa, hayo mengine ni kazi bure: eti maandishi yakishapitishwa kwenye Base64 yamefichwa.

Hayajafichwa. Andika "Thika" upate VGhpa2E=, andika "Ruiru" upate UnVpcnU=. Macho yanatishika, ila ufunguo haupo popote. Kazi ya Base64 ni kugeuza baiti ziwe herufi zisizoharibika njiani, na yeyote mwenye simu anaweza kuzirudisha zilivyokuwa.

Dhana hii naijua ilikoanzia. Kuanzia Thika, kupitia Juja kilipo chuo kikuu cha JKUAT, hadi Ruiru, anayejifunza kuandika programu hukutana mapema na Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa. Ili ombi la malipo lichomoze kwenye simu ya mteja, programu hutuma kitu kinachoitwa Password. Ni nambari ya biashara, passkey (ufunguo wa siri wa biashara hiyo), na wakati kwa tarakimu 14 kuanzia mwaka hadi sekunde. Vyote vinaunganishwa bila nafasi, kisha Base64. Hilo jina Password limewapoteza wengi! Yarudishe maandishi hayo, kata nambari ya biashara mwanzoni (kwenye majaribio ni 174379), kata tarakimu 14 za mwisho, na passkey imebaki nzimanzima mkononi mwako.

Je, Safaricom wamekosea? La. Ombi zima linasafiri ndani ya TLS, ulinzi uleule wa https, na TLS ndiyo inayoficha. Balaa huanzia hapo. Mtu anatumia XAMPP kwenye Windows, cURL inagoma kwa kukosa orodha ya vyeti, anaomba msaada, na mwenzake anamrushia mstari mmoja kwenye WhatsApp: CURLOPT_SSL_VERIFYPEER iwe false, yaani cheti kisikaguliwe. Malipo yanapita, watu wanapongezana. Kumbe sasa programu itamkabidhi passkey yeyote atakayekaa katikati na kujidai ni Safaricom. Na huyohuyo aliyebandika mstari ule ndiye atakayemwambia mteja kwamba mfumo una usimbaji wa kiwango cha jeshi. Jeshi lipi?

Dawa yenyewe haichukui hata dakika kumi: pakua cacert.pem, ambayo ndiyo orodha ya vyeti, taja ilipo kwenye curl.cainfo ndani ya php.ini, ufute ule mstari.

Basi maktaba za PHP za kulinda data nizipitie haraka. Mcrypt, iliyotegemea libmcrypt ambayo toleo lake la mwisho ni la 2007, iliondolewa kwenye PHP 7.2 mnamo Novemba 2017, na toleo hilohilo likaingiza libsodium. Kwa kuficha data tumia sodium_crypto_secretbox, na kila mara uchukue nonsi (namba ya kutumika mara moja tu) mpya ya baiti 24 kutoka random_bytes. Nywila za wateja hazisimbwi, wala hazipelekwi kwa MD5. Kazi hiyo ni ya password_hash, iliyopo tangu PHP 5.5 ya 2013. PHP 8.4, ya Novemba 2024, ilipandisha gharama ya kawaida ya bcrypt, njia ambayo password_hash huitumia, kutoka 10 hadi 12, na kwa kuwa kila hatua huongeza kazi maradufu, anayebahatisha nywila sasa anatoka jasho mara nne. Aliyeita password_hash bila kutaja gharama hahitaji kugusa chochote kwa wateja wapya. Hashi za zamani zitabaki na 10 mpaka mteja aingie tena na programu yako iite password_needs_rehash, kisha itengeneze hashi mpya.