Kiti cha rubani wa jeshi hakiuzwi Kikuubo

KAMPALA — Katika maduka ya Kikuubo, ambako mizigo ya Juba, Goma na Kigali hufungwa tangu alfajiri, karibu kila kitu kina bei, na bei hiyo huzungumzika. Ndiyo maana dalali mwenye maneno matamu hupata wateja hapa. Anaingia dukani, anasalimia kwa heshima, anasikia kwamba kijana wa mama mwenye duka amemaliza Senior Six na anapenda ndege. Siku ya tatu anarudi na habari njema: anamjua mkubwa jeshini, nafasi ya urubani ipo, inahitaji kitu kidogo tu. Kitu kidogo hicho kinageuka kuwa mtaji wa shehena nzima.

Jeshi la Uganda, UPDF, limeonya mara nyingi kwamba kujiunga nalo ni bure, na kwamba anayedai fedha ni tapeli. Hata hivyo biashara hiyo haifi, kwa sababu wazazi wengi hawajui kiti cha rubani hupatikana vipi. Anayejua hana haja na dalali. Maandalizi huanza miaka kadhaa kabla ya tangazo la nafasi, nyumbani na darasani, na sehemu kubwa yake haidai fedha bali muda.

Karatasi zitangulie

Mfanyabiashara wa mpakani anaujua uzito wa karatasi: lori linaweza kulala Malaba kwa sababu ya mhuri mmoja. Jeshini ni vivyo hivyo. Tangu Julai 2010, Soko la Pamoja la Afrika Mashariki limefungua njia kwa bidhaa, huduma na wafanyakazi, lakini jeshi halimo. Kila nchi huandikisha raia wake. Uganda hutaka raia mwenye tabia njema aliyetimiza miaka 18, na matangazo ya nafasi huweka pia kikomo cha juu cha umri.

Kwa familia ambayo baba ametoka Busia ya Kenya na mama Busia ya Uganda, hilo si jambo dogo. Katiba ya Uganda humtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu ambaye mmoja wa wazazi au wa babu na bibi zake ni wa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Kijana wa familia hiyo basi anaweza kuwa na haki kamili kupitia kwa mama yake. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi: cheti cha kuzaliwa, Ndaga Muntu, barua ya mwenyekiti wa LC1, na majina yanayolingana kote. Jina likiwa na herufi moja tofauti kati ya cheti cha mtihani na kitambulisho, marekebisho huchukua muda, na tangazo la jeshi halimsubiri mtu.

Uraia pacha nao una bei yake. Uganda inauruhusu, lakini sheria ya uraia inawafungia wenye uraia wa nchi mbili baadhi ya nyadhifa za juu jeshini, ukiwamo ukamanda wa kikosi kuanzia ngazi ya batalioni. Anayetaka kufika mbali aamue mapema.

Hesabu za dukani, hesabu za angani

Mlango mwingine hufunguka au kufungwa siku ya kuchagua masomo ya Senior Five. Mchanganyiko wa Fizikia, Kemia na Hisabati, ule unaoitwa PCM, humweka kijana mahali pazuri, kwa kuwa urubani ni fizikia inayofanywa kwa haraka. Ndege iendayo kilomita 360 kwa saa hukata kilomita 6 kila dakika. Zikibaki kilomita 90, imebaki robo saa. Ikiwa inakunywa lita 8 kwa dakika, hiyo ni lita 120, na bado akiba ya dharura haijahesabiwa. Rubani hufanya hesabu hiyo kichwani huku mikono ikiwa na kazi nyingine. Mtoto aliyekua akibadilisha shilingi za Kenya kuwa za Uganda mbele ya mteja mwenye haraka amekwisha kuanza mazoezi bila kujua.

Lugha nayo ina uzito. Mawasiliano ya kimataifa ya anga hufanywa kwa Kiingereza, wakati Kiswahili kimezoeleka sana katika kambi za UPDF. Kijana wa Kampala anayekikwepa Kiswahili anajiongezea mzigo.

Macho na damu

Wengi huvunjika moyo kwa daktari baada ya miaka ya matumaini, ilhali vipimo vingine vingefanywa mapema. Kwa marubani wa ndege za abiria, kiwango cha kimataifa kinataka kila jicho lifikie 6/9 au zaidi, na macho mawili pamoja 6/6, hata kwa miwani. Majeshi kwa kawaida huwa makali zaidi.

Kutambua rangi ni lazima. Kando ya njia ya kutua ndege huwa na taa nne: zote zikionekana nyeupe, ndege iko juu mno, zote nyekundu, iko chini mno, mbili nyeupe na mbili nyekundu, mteremko ni sawa. Asiyetofautisha rangi vizuri anaweza kuishi miaka 20 bila kujua, hadi aoneshwe kitabu cha Ishihara chenye namba zilizofichwa ndani ya vidoa.

Kipo pia kipimo cha selimundu. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2016 ulionesha kwamba takribani 13% ya watoto wachanga waliopimwa Uganda walikuwa wamerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo, na madaktari wa anga hulitazama jambo hilo kwa makini. Kujua mapema ni bora kuliko kuambiwa mlangoni. Kuficha ugonjwa ni kubaya zaidi, maana mwili utasema ukweli angani. Mairungi, bangi na pombe navyo humtoa mtu kwenye mbio kabla hazijaanza.

Askari kwanza

Anayechaguliwa hapandi ndege kesho yake. Kwanza hufanywa askari: kwata, bunduki, mbio za usiku, amri. Urubani hufuata, na wengine hubaki njiani hata huko. Kazi yenyewe ina hatari. Agosti 2012, helikopta tatu za kivita za Uganda zilizokuwa zikielekea Somalia zilianguka Mlima Kenya, na wanajeshi wakapoteza maisha. Mzazi na kijana wazungumze jambo hili kwa uwazi, kwa sababu anayetaka suti ya rubani peke yake hataweza kueleza mbele ya wasaili kwa nini yuko tayari kutumikia.

Aliyekosa jeshini hajapoteza maandalizi yake. Soroti kuna shule ya urubani iliyoanzishwa 1971 na Jumuiya ya zamani kwa ajili ya vijana wa Uganda, Kenya na Tanzania. Jumuiya ilivunjika 1977, shule ikabaki. Ni mafunzo ya kiraia, ya urubani na ya ufundi wa ndege, na Fizikia na Hisabati zilezile hutakiwa huko.

Kwa hiyo dalali akirudi Kikuubo, mama mwenye duka ana maswali matatu ya kumuuliza: tangazo liko wapi, limetolewa na nani, na risiti ya fedha hizo itakuwa na mhuri gani? Akikosa majibu, fedha hizo zirudi kwenye droo. Zinaweza kulipa ada ya Senior Five ya mdogo wake kijana huyo, na kipimo cha macho kikabaki na chenji.