Fundi Bomba Asiye na Cheti na Mwenye Nyumba Amwajiriye

Tunaomba radhi kwamba makala ya juma hili yanaanza na kosa letu wenyewe.

Baada ya mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023, yale yaliyoikata barabara ya Lamu pale Lango la Simba, birika la udhu la madrasa yetu hapa Garsen lilikaa kavu siku nyingi. Badala ya kwenda kuomba maji kwa njia iliyowekwa, tulimwita kijana wa mtaani mwenye spana na msumeno. Akatoboa bomba la mtaa mchana kweupe, akapitisha bomba la plastiki ndani ya mtaro wa maji machafu, na kiungo akakifunga kwa mpira wa baiskeli. Tulimlipa, tukamwombea dua. Hatukumwuliza cheti, wala yeye hakutuuliza kibali.

Juma la tatu watoto wakaanza kuhara. Hatudai kilikuwa kipindupindu, wala tabibu hakusema hivyo. Lakini alituuliza bomba limepita wapi, na tulipomweleza akanyamaza. Kisha akatufahamisha: maji yanapokuja kwa nguvu, kiungo kibovu huvuja nje, yanapokatwa, bomba hubaki tupu na kuvuta ndani kila kilicho kando yake. Na maji ya Garsen, kila mtu ajua, hukatwa mara kwa mara. Watoto walipona, alhamdulillahi, ila bomba lile lilihudumia nyumba nyingine pia.

Ndipo tukaitafuta sheria. Mwenye kuvunja Sheria ya Maji ya mwaka 2016 au kanuni zake, pasipotajwa adhabu nyingine, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kufungwa muda usiozidi miaka 2, au vyote viwili. Sheria ya Adhabu nayo, katika kifungu cha 339, yamtishia kifungo cha hadi miaka 5 aharibuye mali kwa makusudi, na kifungu cha 186 chamshika yule ambaye kwa uzembe atenda jambo alijualo kuwa laweza kueneza maradhi ya hatari. Kilichotunyima usingizi ni kifungu cha 20: amshawishiye au amwajiriye mwingine kutenda kosa huhesabiwa kuwa mtendaji. Spana ilikuwa mkononi mwa kijana; fedha zilitoka mfukoni mwetu.

Jambo hili si geni kwetu. Mtume wetu (S.A.W.) alifundisha kwamba ajitiaye utabibu naye hajulikani kwa utabibu, ndiye mdhamini wa madhara yake, na wanazuoni wakaipitisha hukumu hiyo kwa mafundi wengine. Mlango huo wa dhamana tumeusomesha miaka mingi bila kumkumbuka hata siku moja fundi bomba.

Basi enyi akina mama na akina baba, fundi akifika mlangoni mwulizeni cheti chake cha mtihani wa ufundi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani huutoa kwa madaraja 3, na la 3 ndilo la kuanzia. Fundi aliyejifunza kazi mikononi mwa wazee pia huruhusiwa kuufanya. Mkandarasi wa jengo zima lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Na fedha za kuunganishiwa maji zilipwe ofisini kwa risiti, si njiani.

Sisi tulikwenda ofisini tukakiri, tukalipa tulichotakiwa, na bomba lile likafukuliwa. Jipya limepita penye ardhi kavu, mbali na mtaro, nalo lina mita. Bili ya mwezi wa kwanza ilitushtua kidogo. Kijana amejiandikisha kwa daraja la 3. Kamati imemlipia nusu ya ada, na nusu anailipa mwenyewe kwa kurekebisha mifereji yetu chini ya jicho la fundi mwenye cheti.