Bia kwenye jezi ya klabu yako: kampuni inanunua nini, na shabiki anapata nini?

Klabu inapotangaza kwamba mdhamini wake mpya ni kampuni ya bia, kijiweni hakuna anayenyamaza. Mmoja anafurahi: sasa mishahara italipwa kwa wakati na mshambuliaji wa maana atasajiliwa. Mwingine anauliza atavaaje jezi hiyo mbele ya wazee wa msikiti au wa kanisa. Wa tatu ni mzazi, na mtoto wake wa darasa la tatu anaililia jezi hiyo hiyo. Wote watatu ni mashabiki wa kweli, na kila mmoja ana hoja. Katika makala haya tunaeleza biashara hii inavyokwenda, ili mnapobishana mjue mnabishania nini.

Mdhamini si mfadhili

Viingilio vya mlangoni havitoshi kuendesha klabu kubwa. Kuna mishahara, posho, kambi, safari za mikoani na za nje ya nchi, na usajili wa kila msimu. Mechi zinazojaza uwanja ni chache. Pengo hilo huzibwa na fedha za haki za matangazo, wafadhili na wadhamini.

Mfadhili anaweza kutoa kwa mapenzi yake. Mdhamini hutoa kwa mkataba, na katika mkataba huo anadai vitu vyake: nembo kifuani, mabango uwanjani, picha za wachezaji kwenye matangazo, jina lake kutajwa kila mara. Kampuni ya bia inajua kwamba mpira huwakusanya watu wazima wengi mahali pamoja, siku moja, saa moja, na wengi wao huangalia mechi baa. Kwa hiyo inacholipia si kitambaa cha jezi. Inalipia mapenzi uliyonayo kwa timu yako, ikitumaini kwamba utakapofika kaunta, jina litakalokujia mdomoni kwanza litakuwa lake.

Watani wawili, mdhamini mmoja

Hapa Afrika Mashariki mfano unaokumbukwa sana ni wa Simba na Yanga, ambazo zote mbili zilidhaminiwa na bia ya Kilimanjaro. Mtu anaweza kushangaa: kwa nini kampuni ilipe mara mbili, tena kwa mahasimu?

Jibu lipo kwenye utani wenyewe. Kampuni ikidhamini Yanga peke yake, mashabiki wa Simba wanaweza kuiita bia ya Yanga na kuagiza nyingine. Nusu ya soko inakwenda. Scotland nako ni hivyo hivyo: mwaka 2003 bia ya Carling ilianza kudhamini Celtic na Rangers kwa pamoja, na mwaka 2010 nafasi hiyo ikachukuliwa na Tennent's, nayo ikazichukua zote mbili.

Kilimanjaro ilikwenda mbele zaidi mwaka 2013 kwa kampeni ya Nani Mtani Jembe. Mnywaji alipata namba, akaituma kwa ujumbe wa simu, na klabu yake ikavuta fedha kutoka kwenye fungu lililokuwa likishindaniwa na watani hao. Kampeni ilimalizika kwa mechi ya tarehe 21 Desemba 2013, ambayo Simba ilishinda mabao 3 kwa 1.

Wengi waliifurahia. Lakini tazama hesabu yake: mapenzi kwa klabu yalipimwa kwa chupa. Shabiki wa miaka thelathini asiyekunywa pombe hakuwa na kura, hata kama hakosi kusikiliza mechi ya timu yake redioni. Hapo ndipo manung'uniko mengi kuhusu udhamini wa bia yanapoanzia. Wanaolalamika wengi hawapingi klabu kupata fedha. Wanauliza kama na wao bado wanahesabiwa.

Jezi na imani

Kwa Mwislamu, pombe ni haramu, na wapo Wakristo ambao madhehebu yao huikataza pia. Kwa shabiki kuna njia ya kukwepa: anaweza kuvaa jezi ya zamani au fulana yenye rangi za timu. Mchezaji hana nafasi hiyo kirahisi, maana jezi ni kazi yake.

Hata hivyo, jambo hili huzungumzika. Hashim Amla, Mwislamu aliyechezea timu ya taifa ya kriketi ya Afrika Kusini, alikubaliwa kuvaa jezi isiyo na nembo ya bia ya Castle iliyokuwa ikiidhamini timu hiyo. Katika Kombe la Dunia la 2018, kipa wa Misri Mohamed El-Shenawy aliikataa tuzo ya mchezaji bora wa mechi dhidi ya Uruguay kwa sababu ilitolewa kwa jina la bia ya Budweiser. Hakuna aliyesema kwamba hawa hawazipendi timu zao.

Watoto na nembo ya pombe

Mtoto hanunui bia, lakini huvaa jezi, na nembo huizoea kabla hajajua kilichomo kwenye chupa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, linazishauri nchi zidhibiti au zipige marufuku matangazo na udhamini wa pombe.

Ufaransa ilibana matangazo ya pombe kwa sheria ya mwaka 1991, na klabu za nje zenye wadhamini wa bia zimewahi kulazimika kucheza huko na jezi zisizo na jina hilo. Uingereza ilipita njia nyingine: watengenezaji wa pombe walijiwekea kanuni kwamba nembo zao zisiwekwe kwenye jezi za watoto. Mtu mzima ananunua yenye nembo, mtoto anapata isiyo nayo. Ni jambo ambalo klabu yoyote inaweza kulidai kabla ya kusaini.

Bia ikiondoka, nani anaingia?

Everton ya Uingereza ilivaa jina la bia ya Chang kutoka Thailand kuanzia 2004 hadi 2017. Bia ilipotoka, kifuani ikaingia SportPesa, kampuni ya kubeti. Mwaka huo huo wa 2017, kampuni hiyo iliingia mkataba na Simba na Yanga.

Kwa hiyo anayeshangilia bia kuondoka aangalie na anayeingia. Uislamu unakataza kamari kama unavyokataza pombe, na mzazi aliyeogopa chupa sasa ana simu ya kuogopa. Kukataa mdhamini mmoja bila kusema mwingine atoke wapi hakuijazi pengo la mishahara.

Maswali ya kupeleka kwenye tawi

Kama una kadi ya uanachama, mkutano wa tawi na mkutano mkuu ni mahali pako pa kusemea. Uliza mkataba ni wa miaka mingapi na una thamani gani. Uliza ni kiasi gani kitafika kwenye timu ya vijana na ya wanawake. Uliza kama jezi za watoto zitauzwa bila nembo. Uliza mchezaji ambaye imani yake inamzuia atafanyiwa nini. Na kama kuna shindano la kutuma namba kwa simu, uliza asiyekunywa atashiriki vipi.

Kama huna kadi, bado wewe ni sehemu ya umati ambao kampuni iliuona kabla ya kutoa fedha. Maswali hayo unaweza kumpa jirani mwenye kadi ayafikishe, na ni vizuri yafike kabla mkataba haujasainiwa.