Je, Wajua? Kumbukumbu ya Kompyuta Inapotafuta Faili

Je, wajua kwamba katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie kwenye maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuna wa kukusafishia kumbukumbu? Ulichokiomba kwa malloc, ukirudishe mwenyewe kwa free.

Je, wajua kwamba kila folda iliyofunguliwa kwa opendir yapaswa kufungwa kwa closedir? Kwa kawaida Linux huiruhusu programu moja kuwa na faili 1,024 tu zilizo wazi kwa wakati mmoja, folda zikiwemo. Usipofunga, utafutaji hugoma njiani hata kama kumbukumbu ingali tele.

Je, wajua kwamba jina la faili unaloletewa na readdir umeazimwa tu? Ukiita readdir tena kwenye folda hiyohiyo, jina jingine laweza kuandikwa juu yake. Ukilihitaji baadaye, linakili. Kamwe usiliachilie kwa free, maana si lako.

Je, wajua kwamba scandir ya C ni kinyume chake? Yenyewe hukukabidhi orodha nzima, na kila jina limetengewa nafasi yake. Achilia jina mojamoja, kisha orodha yenyewe. Anayeachilia orodha peke yake huyaacha majina yote yakiwa yamekalia kumbukumbu bure.

Je, wajua kwa nini amri ya ls hukaa kimya kwanza inapokuta folda yenye mamilioni ya faili? Huyakusanya majina yote ili iyapange kwa alfabeti. Andika ls -f, nayo itaacha kupanga.

Je, wajua kwamba kiungo (symlink) kinachoelekeza kwenye folda mama chaweza kuizungusha programu mara nyingi bure? Kila mzunguko hurefusha njia na kula kumbukumbu zaidi. Kagua kwa lstat kabla ya kuingia: ukikuta ni kiungo, kipite.

Je, wajua kwamba Python 3.5, iliyotoka mwaka 2015, ilileta os.scandir kutokana na pendekezo la Ben Hoyt? Badala ya orodha nzima, hukupa kitu kimojakimoja, na mara nyingi hukuambia kama ni faili au folda bila kuuliza mfumo upya. Unayeandika programu ya kutafuta faili, shika mwendo huo: pokea jina, litumie, liache, ndipo uombe lifuatalo. Hata kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itaimaliza kazi.