Kusafiri na Watoto Wadogo

Mtu mzima asafiriye peke yake huhesabu kilomita na gharama, kisha huondoka. Njaa ikimshika huvumilia, baridi ikimpata hujifunika, na akichoka hulala kitini. Mtoto mdogo hawezi hayo. Akiona njaa hulia, akiona joto hulia, na akiwa mgonjwa hulia vilevile, wala hana maneno ya kueleza lililomsibu. Kwa hiyo wenye watoto wadogo hawana budi kufikiri sana kabla ya kuondoka, maana mengi yaliyosahauliwa nyumbani hayapatikani njiani.

Chukua mfano wa baba na mama wakaao Mbeya, wenye watoto watatu: msichana wa miaka 12, mvulana wa miaka 5, na mtoto mchanga wa miezi 8. Likizo ya mwezi wa Juni imefika, nao wanataka kwenda Iringa kumwamkia bibi kwa motokaa yao ndogo.

Baba alifanya hesabu upesi. Kutoka Mbeya mpaka Iringa ni kadiri ya kilomita 330, na njia yote ni lami. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, safari itakwisha kwa saa nne na kidogo. "Basi," akasema, "tutaondoka saa nane mchana, na usiku tutakula kwa bibi. Kesho yake tutakwenda Hifadhi ya Ruaha, watoto wakaone tembo."

Mama akajibu, "Baba watoto, hesabu hiyo ni ya gari lisilo na watoto, tena ni ya barabara isiyo na magari mengine."

Mama alisema kweli. Barabara hiyo ndiyo njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, mpakani mwa Zambia. Usiku na mchana hupita malori makubwa yenye mafuta, shaba na shehena za kila namna. Yapandapo mlima huenda polepole, na msururu wa magari huyafuata nyuma. Yashukapo mteremko mkali, kama ule wa Inyala, huwa hatari kwa sababu breki zilizopata moto huweza kushindwa kuyazuia. Tena vijijini kuna vibao viamuruvyo magari yasizidi kilomita 50 kwa saa, kwa kuwa watu na mifugo huvuka. Kwa hiyo dereva mwangalifu, akijumlisha mahali pa kasi na mahali pa taratibu, hupata kilomita 50 hivi kwa saa moja. Kilomita 330 zitamchukua saa sita na zaidi. Kama wangaliondoka saa nane mchana, giza lingaliwakuta njiani, wakati ambapo dereva haoni vizuri ng'ombe, shimo, wala lori lililoharibika na kuachwa bila taa.

Jambo la pili ni mapumziko. Haifai mtoto mdogo kukaa kitini zaidi ya saa mbili bila kushuka. Mchanga hana budi kunyonya na kubadilishwa nepi. Na yule wa miaka mitano hana budi kujisaidia na kukimbia kidogo. Mama akachukua karatasi, akaipanga safari upya. Wataondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa mbili watafika Chimala, kilomita 75 hivi kutoka Mbeya, wanywe uji kwa nusu saa. Saa nne na robo watafika Makambako, wapumzike saa nzima. Mafinga watafika saa saba kasorobo, wale chakula cha mchana. Saa tisa na robo, jua lingali juu, watakuwa Iringa. Safari ya saa nne imekuwa ya saa tisa kasorobo, na sasa ni hesabu ya kweli.

Habari ya Ruaha nayo ikaamuliwa. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko zaidi ya kilomita 100 mbele ya mji wa Iringa. Kumpeleka huko mtoto wa miezi minane kesho yake tu, mwili wake haujapumzika, ni kumtesa bure. Wakaonelea kwamba siku ya pili wakae kwa bibi, na siku ya tatu watembelee mahali pa karibu. Kalenga iko kilomita 15 hivi kutoka mjini, na humo katika jumba la makumbusho mna fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyekufa mwaka 1898, fuvu lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Isimila nayo, kilomita 20 hivi kutoka mjini, kando ya njia ya Mbeya, ina nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe za watu wa kale sana. Huko mvulana ashikwe mkono, maana makorongo yake yana kingo za ghafula.

Jambo la tatu ni nguo. Wageni wasikiapo jina la Nyanda za Juu hudhani njia yote ni baridi. Sivyo. Mji wa Mbeya uko kadiri ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Uyole barabara huteremka mpaka bonde la Usangu, penye mashamba ya mpunga, na huko Igurusi, Chimala na Igawa mwinuko ni kama mita 1,100 tu. Jua la mchana ni kali. Baada ya Igawa barabara hupanda tena mpaka Makambako penye upepo mwingi, kisha Mafinga, karibu na mita 1,900, ambako asubuhi za Juni ukungu huifunika misitu ya misindano. Hivyo katika siku moja mtoto hupita katika baridi, akaingia katika joto, akarudi katika baridi.

Mwili wa mtoto hauvumilii mabadiliko hayo kama mwili wa mtu mzima. Sababu yake huonekana jikoni: uji ulio katika kikombe hupoa upesi kuliko uji ulio katika sufuria. Mwili mdogo hupoteza joto lake upesi kama kikombe, tena hupata joto upesi. Kwa hiyo mtoto asivikwe nguo moja nzito, bali avikwe nguo nyepesi mbili au tatu, moja juu ya nyingine, zipate kuvuliwa Chimala na kuvaliwa tena Makambako. Wala asiachwe kamwe peke yake ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa dakika chache. Hewa ya ndani hupata moto upesi sana, na watoto wamekufa kwa namna hiyo katika nchi nyingi.

Jambo la nne ni chakula na maji. Mama alitia uji katika chupa ya chai, akachemsha viazi na mahindi, akachukua ndizi mbivu, na maji yaliyochemshwa na kupoa. Vyakula hivyo haviharibiki upesi, wala havina mafuta mengi ya kuchafua tumbo. Nyama iliyopikwa jana na kukaa katika joto la gari ni hatari kwa mtoto. Tena alitia mfukoni pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji safi, zipatikanazo katika maduka ya dawa, ili mtoto akihara au kutapika asiishiwe na maji mwilini. Mchanga hunyonyeshwa gari likiwa limesimama.

Jambo la tano ni kichefuchefu. Mvulana hutapika kila apandapo gari, na watu wengine hudhani ni ukaidi. Siyo. Ndani ya sikio la kila mtu mna mirija midogo yenye majimaji, nayo huuambia ubongo kama mwili unakwenda au umetulia. Gari likipinda na kuruka, sikio husema, "Tunakwenda." Lakini mtoto akitazama kitabu au simu mapajani mwake, jicho husema, "Tumetulia." Ubongo ukipata habari mbili zisizopatana, tumbo huchafuka. Watoto wa miaka 2 mpaka 12 ndio wapatwao zaidi. Wachanga hupatwa mara chache. Dawa yake ni rahisi: mtoto atazame mbele, mbali, penye milima, dirisha lifunguliwe kidogo, asishibe mno wala asikae na njaa, na dereva asikate kona kwa kasi. Hata hivyo lichukuliwe kopo lenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, waliyoizoea watu zamani, imekatazwa Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019.

Jambo la sita ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni mahali pa kukaa. Mama wengi humpakata mtoto katika kiti cha mbele wakidhani kwamba mikono yao ina nguvu ya kumshika. Upendo wao ni wa kweli, lakini mikono haiwezi. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga kitu, husimama mara moja. Bali vilivyomo ndani huendelea kwenda mbele kwa kasi ileile. Katika dakika hiyo mtoto wa kilo 10 huvuta mikono ya mamaye kama mzigo wa kilo 200. Ni nani awezaye kushika gunia mbili za mahindi zikitupwa? Kwa hiyo mchanga hufungwa katika kiti chake cha watoto, katika viti vya nyuma, akiwa ameelekea nyuma. Mvulana naye hukaa nyuma juu ya kiti cha kumwinua, mkanda upite begani na juu ya mapaja, wala si shingoni. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba ajali za barabarani ndizo ziuazo zaidi watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29. Baba aliposikia hayo, aliahirisha safari kwa juma moja, akanunua viti viwili kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Wengi hawana motokaa, nao husafiri kwa basi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, haiwafikishi Iringa, maana ikifika Makambako huiacha barabara na kuelekea Mlimba. Walakini mashauri ni yaleyale. Yafaa kuchagua basi liondokalo asubuhi, na viti vya katikati, ambako mtikiso ni mdogo kuliko nyuma. Mtoto wa miaka mitano akatiwe tiketi yake, apate kiti na mkanda wake. Mama ampakataye mchanga ajifunge mkanda peke yake. Akimfunga mtoto pamoja naye, uzito wa mama utamponda mtoto gari likigonga. Dereva akienda kasi ya kutisha, abiria wana haki ya kumwonya, na kutoa habari kwa polisi wa barabarani.

Na je, msichana wa miaka kumi na miwili ana kazi gani? Kazi yake ni kubwa. Baba ana usukani, na macho yake hayana ruhusa ya kugeuka nyuma. Mama ana mchanga. Basi dada ndiye mlinzi wa ndugu yake. Kabla ya kuondoka huhesabu vitu: maji, nguo, kopo, dawa. Njiani humwonyesha ndugu yake gari la moshi likipita, humwambia ahesabu madaraja, au humtegea kitendawili: "Nyumba yangu haina mlango." Mdogo akifikiri jibu, ambalo ni yai, husahau tumbo lake. Gari likiharibika, wote hushuka upande ulio mbali na barabara, naye humshika mdogo mkono, mpaka baba aweke ile alama ya pembetatu nyekundu nyuma ya gari ili wengine waione kwa mbali.

Siku ya safari ilipofika, mambo hayakwenda yote kama karatasi ilivyosema. Karibu na Igawa malori yaliwachelewesha, na huko Makambako mchanga alilia muda mrefu mpaka walipomvika sweta. Walifika Iringa saa kumi na nusu badala ya saa tisa na robo. Lakini hawakukimbizana na saa, maana jua lilikuwa bado juu. Bibi alitoka uani, akampokea mchanga, akamgeuza huku na huku, akasema, "Huyu hakuchoka. Amelala njiani kama aliye kitandani kwake."

Mwenda pole hajikwai. Aliye na watoto garini na apange safari yake kwa nguvu za yule aliye mdogo kuliko wote, na wengine wote watafika salama pamoja naye.